Presha imekaa sawa, figo zimegoma: kidole kilikuwa kinapima nini?

*Swali la msomaji wa Umoja, Nairobi:* Daktari, baba yangu ana miaka 66. Mwezi wa saba alianza kusumbuliwa na mkojo, halafu usiku mmoja homa kali ikamshika. Tulimkimbiza hospitali moja hapa Nairobi, akalazwa ICU. Walituambia bakteria wameingia kwenye damu na yuko kwenye mshtuko wa mzunguko wa damu. Aliwekewa dripu na dawa ya kupandisha presha. Kufika jioni monita ilikuwa inasoma 112 kwa 64, sisi tukamshukuru Mungu. Daktari wa zamu yeye hakuonekana kufurahi. Kila nusu saa alikuja akambonyeza baba kidole kwa kipande cha kioo, akahesabu, akaandika, akaenda. Tulipoomba aongezewe maji alikataa. Siku iliyofuata figo zikagoma, akafanyiwa dialisisi. Sasa yuko nyumbani na anaendelea vizuri. Nauliza: kama presha ilikuwa sawa, figo ziligomaje? Kile kidole kilikuwa kinapima nini? Na je, kuna mashine ya kuona mishipa midogo ambayo tungemtafutia kwingine?

*Jibu:* Dada, poleni kwa mlichopitia, na heri kwamba mzee yuko nyumbani.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, hamkumnyima baba kitu. Kamera ya kutazama mishipa midogo ya damu mgonjwa akiwa kitandani ipo, na imekuwepo tangu 1999. Lakini haijathibitishwa kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa kuifuata hupona zaidi ya asiyetazamwa nayo. Hata Ulaya, ambako imetumiwa sana, utaikuta zaidi mikononi mwa watafiti kuliko kwenye raundi ya asubuhi. Yule daktari wa zamu alikuwa anafanya kipimo ambacho kwa sasa kina ushahidi mzito kuliko hiyo kamera, na alichohitaji ni kioo, saa na subira ya kurudi kila nusu saa. Nikiwa mtu wa ICU nakwambia hiyo subira ndiyo adimu.

Sasa zile namba za monita. Sisi hatutazami sana 112 wala 64 peke yake, tunatazama wastani: chukua namba ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawanya kwa tatu. Ya baba inatoka 80. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa wa mshtuko aanze kwa kufikishwa 65. Kwa hesabu hiyo mzee alikuwa amefaulu na ziada, na nyinyi mlikuwa na haki ya kushukuru.

Ila presha hiyo inapimwa kwenye ateri ya mkono, yaani kwenye bomba kubwa. Mkazi wa Umoja hahitaji mhadhara hapa. Bwawa la Ndakaini linaloleta maji Nairobi linaweza kujaa pomoni, bomba kuu likawa na msukumo wote unaotakiwa, na mfereji wa jikoni kwako ukatoa hewa tupu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Kazi yenyewe ya damu haifanyiki kwenye ateri. Huko damu inapita tu. Oksijeni inaivuka damu na kuingia kwenye tishu katika kapilari, mishipa ambayo upana wake ni mikromita 5 hadi 10, yaani haizidi sehemu moja ya mia ya milimita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi inabidi ijikunje ndipo ipite, moja nyuma ya nyingine. Mishipa hii ni midogo kiasi kwamba William Harvey alipoeleza mwaka 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini, hakuweza kuonyesha inavukaje kutoka upande wa ateri kwenda upande wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Marcello Malpighi ndiye aliyeziona kapilari mwaka 1661, kwa hadubini, kwenye pafu la chura. Harvey alikuwa ameshafariki.

Mtu husemekana yuko kwenye mshtuko wa mzunguko wa damu pale tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha au zinaposhindwa kuitumia. Inaweza kuwa amevuja damu nyingi, au moyo umeshindwa kusukuma, au njia imezibwa, kwa mfano na damu iliyoganda kwenye mapafu. Au mishipa imelegea na kuvurugika kwa sababu ya maambukizi, kama ilivyomtokea baba. Katika aina tatu za kwanza, ukirekebisha bomba kubwa mapema, mishipa midogo mara nyingi hufuata. Hii ya nne ndiyo yenye ukaidi, na ndiyo inayotupa ICU wagonjwa wa aina ya baba yako: namba nzuri, mgonjwa mbaya.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu jibu la swali lako la figo liko hapa.

Ukuta wa ndani wa kila mshipa umefunikwa na utando laini sana wa sukari na protini unaoitwa glaikokaliksi. Huo ndio unaozuia damu isigandie ukutani na maji yasivuje nje ovyo. Sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga mwili mzima kama yale ya baba, inaumenya. Ukishamenyeka, seli nyeupe zinaanza kunasa ukutani, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinashikana, na vibonge vidogo vya damu vinajitokeza ndani ya kapilari zenyewe. Wakati huohuo seli nyekundu zinakuwa ngumu, hazijikunji vizuri kama kawaida, kwa hiyo hata kapilari iliyo wazi zinaipita kwa shida. Na ile gesi ambayo mwili unaitumia kufungua mishipa, oksidi ya naitriki, inatengenezwa kwa wingi mahali pamoja na kwa uchache mahali pengine.

Matokeo yake mtiririko haupungui kila mahali kwa usawa. Kapilari moja imesimama kabisa, ya jirani yake inapeleka damu mbio. Ile inayokwenda mbio inapita bila tishu kupata nafasi ya kuchukua oksijeni, na ile iliyosimama haina cha kutoa. Ukipima damu inayorudi kwenye moyo unaweza kuikuta bado ina oksijeni tele, ukadhani tishu zimeshiba, kumbe hazikufikiwa. Monita haiwezi kuona mvurugiko huo. Hata kama ingeonyesha presha ya mfalme, ingekuwa inakuonyesha wastani wa mwili mzima.

Dawa ya kupandisha presha, kwa kawaida noradrenalini, inafanya kazi kwa kuibana mishipa. Inahitajika. Presha ikiwa chini sana hakuna kapilari inayopata kitu, na ninyi mngempoteza mzee siku ileile. Lakini kubana mishipa ili namba ipande hakumaanishi kwamba damu imefika kwenye kapilari. Wagonjwa wawili wenye wastani wa 80 wanaweza kuwa mmoja mikono yake ina joto na mwingine ya baridi, na hao wawili si wagonjwa wa aina moja.

Figo ni kiungo cha kusikitisha katika jambo hili, kwa sababu hupewa damu nyingi kuliko karibu kiungo chochote: takriban moja ya tano ya yote inayotoka moyoni. Zamani tulidhani figo hufa katika sepsisi kwa kukosa damu tu. Kisha watafiti wa Australia wakawatia kondoo bakteria kwenye damu na kupima damu inayoingia kwenye figo. Ilikuwa imeongezeka, na bado figo zikashindwa kazi. Damu ilikuwa inafika mlangoni, ila ndani ugawaji ulikuwa umevurugika, na seli zenyewe zilikuwa zimeathiriwa na sumu ya maambukizi. Kwa hiyo kumbukumbu yako ni sahihi: presha ilikuwa sawa na figo ziligoma, na mambo hayo mawili hayapingani.

Tuje kwenye kidole.

Kinachopimwa ni muda wa kapilari za ngozi kujaa tena baada ya kukamuliwa. Unabonyeza mpaka nyama ya kidole ipauke, unaachia, unahesabu sekunde mpaka rangi irudi. Kipimo hiki ni cha zamani. Kilitumiwa kwa majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia, kikasambaa, halafu kikadharauliwa, na kwa sababu nzuri: kila mtu alikuwa anabonyeza anavyojua. Mmoja kucha, mwingine paji la uso, mmoja sekunde mbili, mwingine tano. Na kile kiwango cha sekunde 2 tulichofundishwa chuoni hakiwafai watu wote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wazee wenye afya zao wanaweza kufika sekunde 4.5 bila kuwa na tatizo lolote.

Kilichokirudishia heshima ni utafiti uitwao ANDROMEDA-SHOCK, uliochapishwa 2019. Uliongozwa na Glenn Hernández wa Chile, ukachukua wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsisi katika ICU 28 za nchi 5 za Amerika Kusini. Nusu walitibiwa kwa kufuata laktati, kemikali inayopanda kwenye damu tishu zinapobanwa, iliyokuwa inapimwa kila saa 2. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata kidole kila dakika 30. Na kidole hakikubonyezwa kiholela: kipande cha kioo cha maabara kwenye nyama ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kubonyeza mpaka pawe peupe, kushikilia sekunde 10, kuachia, kuhesabu kwa saa. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Dada, hicho ndicho ulichokiona. Daktari wenu alikuwa amesoma.

Kufikia siku ya 28, walikuwa wamefariki asilimia 34.9 ya kundi la kidole na asilimia 43.4 ya kundi la laktati. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kuvuka mstari ambao watafiti hujiwekea, kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba kidole kimethibitishwa kuokoa maisha. Lakini kundi la kidole lilitumia dripu pungufu kuliko lile jingine, na halikufanya vibaya kuliko lile lililokuwa na maabara. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa pili, mkubwa zaidi, wenye wagonjwa zaidi ya 1,400 katika nchi 19. Huo ulikuta vifo vinalingana, ila wagonjwa wa kundi la kidole walihitaji siku pungufu za kusaidiwa na dawa za presha na mashine. Hapo katikati, mwaka 2021, miongozo ya kimataifa ya sepsisi ilikuwa imeshapendekeza kidole kitumiwe pamoja na vipimo vingine.

Kwa nini ngozi, kiungo ambacho hakuna anayekufa kwa kukikosa kwa saa chache? Kwa sababu hiyohiyo. Mwili ukibanwa, ngozi ndiyo inayonyang'anywa damu kwanza ili moyo na ubongo vipate, na damu ikirudi unaona kwa dakika, si kwa saa. Laktati inachelewa kushuka hata mgonjwa akiwa anapata nafuu. Isitoshe inaweza kupanda kwa mambo mengine: ini bovu, dawa ya adrenalini, na metifomini anayomeza mgonjwa wa kisukari ambaye figo zimeanza kulegea. Napenda kuwa na vyote viwili. Nikilazimishwa kuchagua kimoja saa nane za usiku katika hospitali ambayo maabara inachukua dakika 90 kurudisha majibu, nachukua kidole.

Kidole nacho kina hila zake, na baadhi ni za hapa kwetu. Baba alilazwa Julai. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na Julai yake unaijua, na wodi nyingi hazina kipasha joto. Mkono wa baridi huchelewa kujaa hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo mgonjwa aliyetoka kwenye ambulensi alfajiri lazima afunikwe kwanza, apate joto, ndipo umpime. Mkono ukae usawa wa moyo. Mwanga uwe wa kutosha, si tochi ya simu iliyomulikwa pembeni.

Halafu kuna rangi ya ngozi. Wenzetu wa Ufaransa wana kipimo cha mabaka ya rangi ya zambarau yanayotokea kuzunguka goti, wanayapa alama kuanzia 0 hadi 5, na alama zikipanda hatari inapanda. Kwa ngozi yetu mabaka hayo hayaonekani vizuri, na nimewaona madaktari vijana wakiinama kwenye goti la mgonjwa wakitafuta kitu ambacho kitabu kiliahidi. Upande wa ndani wa kidole una rangi kidogo, ndiyo maana kwetu kidole kina thamani zaidi ya goti. Isipokuwa ukipokea mama wa Eastleigh aliyetoka harusini na hina imemjaa mpaka ncha za vidole. Hapo utatafuta mahali pengine pa kubonyeza na utaandika kwenye faili kwamba umebadilisha mahali, ili wa zamu inayofuata asilinganishe visivyolingana.

Kile kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni nacho, kwa baadhi ya mashine, kina namba ndogo pembeni inayoonyesha nguvu ya mpigo wa damu kidoleni. Ikiwa chini ya 1.4 kwa mgonjwa mahututi, inatilia shaka mzunguko wa pembezoni. Inasaidia, haitoshi. Na nikiwa hapo niseme jambo ambalo kila familia ya Kiafrika inafaa kulijua: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vibano hivyo huwapa watu weusi namba ya oksijeni iliyo juu kuliko ukweli, mara karibu tatu zaidi ya wazungu. Mgonjwa akihangaika kupumua na kibano kinasema 94, amini mgonjwa.

Sasa ile kamera, kwa sababu uliuliza na inavutia. Ni kifaa cha kushika mkononi, ncha yake inawekwa chini ya ulimi. Inamulika mwanga wa kijani ambao hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, huunyonya, kwa hiyo kwenye skrini seli nyekundu zinaonekana kama nukta nyeusi zinazotembea ndani ya mishipa. Ni jambo la kustaajabisha kuona. Mwaka 2002 Daniel De Backer na wenzake wa Brussels waliitumia kuonyesha kwamba kwa wagonjwa wa sepsisi mishipa midogo inayopitisha damu ni pungufu kuliko kawaida, na kwamba waliofariki walikuwa na hali mbaya zaidi. Miaka 2 baadaye kikosi hichohicho kikawafuata wagonjwa siku baada ya siku: wale ambao mishipa midogo ilifunguka walipona, wale ambao haikufunguka walikufa, hata pale ambapo presha zao hazikutofautiana. Karibu yote niliyokueleza juu ya kapilari iliyosimama na ya jirani inayokwenda mbio, tumeyaona kwa wagonjwa kwa macho ya kamera hii na za kizazi kilichofuata.

Kutoka kuona kwenda kutibu ndiko kamera ilikokwama. Mate yanaharibu picha. Ukikandamiza kidogo tu kupita kiasi, wewe mwenyewe ndiye uliyesimamisha mtiririko. Mgonjwa aliye macho anang'ata, aliye kwenye mashine ya kupumulia ana mpira mdomoni. Na kwa miaka mingi picha ilibidi ichambuliwe baadaye, mtu akikaa kwenye kompyuta kuhesabu mishipa, wakati mgonjwa anahitaji uamuzi sasa. Zaidi ya hayo, ukishaona kapilari zimesimama unafanya nini? Waholanzi walijaribu dawa ya kufungua mishipa, naitrogliserini. Wagonjwa 8 wa mwanzo walitoa picha za kutia moyo. Wagonjwa 70 wa utafiti uliopangwa vizuri, uliochapishwa 2010, hawakuonyesha faida. Mwaka 2023 ukaja utafiti uliowapa madaktari majibu ya kamera papo hapo waamue matibabu kwayo. Vifo havikupungua. Ninaamini kamera itapata nafasi yake siku moja, ila siyo ICU ya baba yako mwezi wa saba.

Mahali pamoja ambapo imetufundisha jambo la maana kwa nchi kama yetu ni malaria kali. Kwa wagonjwa wa Bangladesh kamera ilionyesha kapilari zilizozibwa na seli zenye vimelea, huku nyingine pembeni zinatiririka. Presha ya mgonjwa wa malaria kali inaweza kuwa nzuri kabisa wakati hayo yanaendelea. Na kuzibua kapilari iliyozibwa na vimelea si kazi ya maji, ni kazi ya dawa ya malaria kwa mshipa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye maji mliyoombea mkanyimwa. Najua jinsi inavyoonekana: mgonjwa hakojoi, midomo imekauka, na daktari anakataa dripu. Lakini huu ni uwanja ambao Afrika Mashariki imeufundisha ulimwengu. Utafiti wa FEAST ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliochapishwa 2011, ulichukua watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Mojawapo ya dalili za mtoto kuingizwa kwenye utafiti ilikuwa kapilari kuchelewa kujaa. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyoagiza. Wengine wakapewa ya kawaida tu ya kuwatunza. Ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.6 ya waliopewa ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Wapo waliosema matokeo yalitoka hivyo kwa sababu ni watoto. Mwaka 2017 Zambia ikatoa matokeo ya watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU: waliopewa maji mengi na dawa za presha kwa mpango maalumu walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa kawaida asilimia 33.

Haimaanishi maji ni sumu. Mgonjwa wa kipindupindu asipopewa maji kwa haraka anakufa, na aliyevuja damu anahitaji damu. Baba pia alipewa maji mwanzoni, na ilikuwa sahihi. Ila ukuta wa mshipa ukishamenyeka, maji ya ziada hayakai ndani ya mshipa. Yanavuja, tishu zinavimba, na oksijeni inalazimika kusafiri umbali mrefu zaidi kutoka kwenye kapilari hadi kwenye seli. Figo yenyewe ikivimba ndani ya ganda lake inajibana. Kwa hiyo swali la ICU siyo kama kidole kinachelewa, bali kama moyo utaongeza kazi ukiongezewa maji. Kuna njia ya kujaribu bila kumpa hata tone: unamwinua mgonjwa miguu, damu ya miguuni inarudi moyoni, unatazama kama moyo unasukuma zaidi. Usiposukuma zaidi, maji hayatasaidia na yataumiza. Kukataa kwa yule daktari kulikuwa matibabu. Angeweza kuwaeleza vizuri zaidi, hilo nakubaliana nawe.

Kwa anayesoma hili akiwa na mtu wake ICU leo: usikazie macho namba moja. Uliza mambo matatu wakati wa kuona wagonjwa. Kidole kinarudi kwa sekunde ngapi, na jana kilikuwa ngapi? Mkojo ni kiasi gani kwa saa? Kwa mtu wa kilo 70 tunataka walau mililita 35. Anajua alipo, au amechanganyikiwa? Ngozi, figo na ubongo ndivyo vinavyotuambia habari za mishipa midogo bila kifaa chochote. Ukiruhusiwa kumshika, shika mikono na magoti, uone baridi imeishia wapi. Baridi inayopanda kutoka vidoleni kwenda kwenye goti ni ya kumwita nesi sasa hivi, hata kama monita haipigi kelele.

Na sasa mzee. Figo zilizogoma ghafla kwa sepsisi mara nyingi hurudi, ila si zote na si kikamilifu kila mara, na mtu anaweza kujisikia mzima huku moja ya tatu ya nguvu za figo zake imepotea. Miezi 3 baada ya ugonjwa apimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu na protini kwenye mkojo, hata kama hana tatizo lolote. Matokeo ya siku aliyotoka hospitali yatafuteni, myapeleke kliniki, kwa sababu bila hayo daktari hana cha kulinganisha. Dawa za maumivu aina ya diklofenaki na aibuprofeni asizitumie. Najua zinauzwa kila duka la dawa la Umoja bila kuulizwa swali. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inamtosha. Dawa za mitishamba asinywe kwa sasa. Kama anatumia dawa ya presha au ya kisukari, kipimo chake kiangaliwe upya kulingana na figo zilivyo leo, si zilivyokuwa kabla ya Julai. Na kwa mwanamume wa miaka 66 ambaye yote haya yalianzia kwenye mkojo, mpelekeni aangaliwe tezi dume, maana kama kibofu hakimwagi mkojo wote, bakteria watarudi kwa njia ileile.